Kitunga cha Simu, Uvira hadi Fizi

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza vya kutosha. Huko sokoni mnasema Mama Apendeki aliwanyang'anya watu simu kwenye kamio, lori la njia ya Fizi, eti amekuwa barieri ya askari inayotembea. Basi sikieni kwangu mwenyewe. Ni kweli. Nilizikusanya zote, nikazitia kitungani, nikakikumbatia kitunga. Tena si mara moja. Nilifanya hivyo kwenda, nikafanya hivyo kurudi. Sikuwaeleza mapema kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakutakiwa kusikia kutoka kwangu, na sasa ameshasikia.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Mpita njia alileta habari kwamba yaya wangu Wilondja, kaka yangu mkubwa, analala kitandani huko Fizi na chakula hakipiti. Aliagiza neno moja tu: Asende aje. Asende ndiye mimi. Hilo la Mama Apendeki nililipata kwa uzazi, na yeye hakuwahi kulitumia hata siku moja. Katika vita vya zamani, tulipobaki bila wazazi, yaya ndiye aliyenibeba mabegani kupanda milima, naye ndevu zilikuwa hazijaota. Hivi vita vyetu vya sasa vikatutenga: mimi Uvira na cherehani yangu, yeye Fizi na mihogo yake, na katikati ile barabara mnayoijua. Miaka imepita tukisalimiana kwa midomo ya wasafiri.

Nikasema safari hii nitamwona angali anapumua. Mume wangu alianza kunieleza hatari za njiani. Nikamwambia aendelee tu kueleza, mimi ninafunga mizigo.

Uvira hadi Makobola

Kamio ilikuwa ya Bilenge, yule shofere mwembamba asiyecheka. Chini imejaa sabuni na chumvi, juu tumejaa sisi. Mimi nilikaa kwenye magunia ya chumvi, kitunga changu cha vitunguu kikiwa magotini. Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja anaitwa Mama Nyasa, anayerudi Fizi kwa wajukuu wake, mtu wa kusinzia hata gari likiruka. Na mbele yangu, amekalia sabuni zake mwenyewe, alikuwa Ramazani.

Huyu Ramazani ni mfanyabiashara wa Baraka: samaki, sabuni, maharagwe, chochote kinachobebeka. Mtu mnene, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na simu mbili shingoni. Mnajua simu ndiyo kwanza zinaingia kwetu, na mwenye nayo anaitundika kwa kamba kifuani ili hata kipofu ajue. Ramazani aliamini kwamba sauti lazima ifike kwa nguvu zake mwenyewe. Anayeongea naye akiwa Uvira, alipaza kidogo. Akiwa Kazimia, alipiga kelele. Akiwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, sisi wote tuliziba masikio.

Kelele peke yake ningeivumilia, nina watoto sita. Tatizo ni alichokuwa anasema. Hatujafika hata mwisho wa mji, yeye anatangaza: tumetoka, ni kamio ya Bilenge, iko na sabuni, iko na chumvi, iko na bamama wengi, jioni tutakuwa pale na pale. Jamani! Kwenye barabara ambayo watu wa msituni wanangoja kamio kama mtu anavyongoja mshahara! Niliona wenzangu wanainamisha vichwa, kila mmoja anamwogopa yule tajiri. Mimi nilikuwa naenda kumwona yaya, sikuwa na nafasi ya kufa kwa sababu ya mdomo wa mtu.

"Papa," nikamwambia, "uko natangazia batu ya musituni nini iko ndani ya kamio?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, mi niko nafanya kazi. Nikinyamaza, samaki zitaoza."

Nikamjibu kwamba samaki wakioza wananuka siku mbili, na sisi tukioza itakuwaje. Watu wakacheka kidogo, yeye akakunja uso, akaendelea.

Tulipokaribia Makobola, Bilenge alizima redio. Mnajua mashofere wetu wanavyofanya pale. Hakuna anayeambiwa. Wanaume wanavua kofia, wamama wanashusha kitambaa, kamio inapita polepole. Kila familia ya pwani hii ina mtu wake aliyelala pale. Hata Mama Nyasa aliamka. Na katika kimya hicho, kifuani kwa Ramazani ikalia muziki wa kuchezea harusi. Naye akapokea! Akaanza kuuliza bei ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Niliinuka. Gari linakwenda, ninakanyaga miguu ya watu, sijali. Nikamshika mkono wenye simu.

"Papa, hapa kulikufa batu. Zima."

Alitazama mkono wangu, kisha akatazama mashamba yanayopita chini, mihogo na nyasi. Akavua kofia. Akaizima. Nikafikiri nimemaliza kazi. Kumbe ndiyo kwanza naianza.

Barieri

Kabla ya Mboko tulikuta kamba imevutwa njiani. Wenye bunduki walikuwa wa nani, hatukuuliza. Siku hizi humuulizi mwenye bunduki ni wa nani. Unatazama viatu unakisia mwenyewe. Hawa wengi walivaa kandambili. Wakatuteremsha wote, wakatupanga kando ya barabara, wakaanza kupekua magunia. Mkubwa wao alikuwa kijana tu, macho mekundu, hana haraka.

Kila mtu ametulia, anasali kwa namna ya kwao. Ikalia ile ya harusi.

Yule mkubwa akageuka. Akataka kujua nani anamwita huyu mtu sasa hivi, na huyu mtu ameshamwambia nani kwamba wao wako hapa. Midomo ya bunduki ikapanda. Ramazani, ambaye tangu Uvira hakuwahi kukosa neno, aliinua tu mikono miwili juu. Simu inalia, jasho linamtiririka, hakuna anayeigusa.

Mimi niliwaza jambo moja tu: wakimpiga huyu, tutalala hapa, na yaya ananingoja. Nikasogea.

"Mwanangu," nikamwambia mkubwa wao, "pokea weye mwenyewe, usikie."

Akaichukua, akaiweka sikioni. Hata hakuwahi kusema halo. Ilitoka sauti ya mwanamke, kali, tuliisikia wote mpaka wale wa mwisho wa mstari: Ramazani, ndagala zako za Kazimia zina mchanga, umeniuzia ufuko wa ziwa, watoto wamekwanguka meno, rudi uchukue magunia yako! Mkubwa akajaribu kusema yeye si Ramazani, yeye ni komanda. Mama yule akamwambia hata kama ni komanda, mchanga ni mchanga, amwambie Ramazani arudi. Komanda akasikiliza mpaka mwisho, kama mtoto anayegombezwa na mama yake mzazi, akasema ndiyo mama, nitamwambia, akarudisha simu kwa vidole viwili.

Askari wake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Tukapona. Lakini hawakutuachia hivyohivyo: walitushikilia mpaka jua likageuka, wakala karanga zetu na ndizi zetu, wakachukua sabuni, ndipo kamba ikashushwa.

Tulipopanda, hakuna aliyengoja hotuba yangu. Mama Nyasa mwenyewe ndiye aliyesema kwamba zile simu zitatumaliza. Basi nikamwaga vitunguu vyangu kwenye kikwembe nilichojitanda, nikainua kitunga kikiwa kitupu. Nikasema simu zote ndani, zimezimwa. Tukifika kwenye kilima cha rezo, pale mtandao unaposhika, kila mtu atapewa yake, atasalimia, atairudisha. Asiyetaka ashuke atembee kwa miguu. Wakatoa, mmoja mmoja, hata Bilenge alipitisha ya kwake dirishani. Ramazani alitoa moja, ile ya harusi. Ya pili aliiingiza ndani ya koti akidhani simwoni. Nilimwona. Nikasema moyoni, tutaonana.

Mboko na Baraka

Mtoni karibu na Mboko tulizama kwenye tope. Wanaume walisukuma, wamama tulikata majani ya kutandika chini ya magurudumu, Bilenge alitukana kwa lugha zote anazozijua. Wakati tunangoja, wanawake wa pale walituletea mikeke, samaki wetu wa ziwani, ya kuchoma, na bukari, ugali wa muhogo, moto, na pilipili iliyosagwa kwenye jiwe. Ramazani alinunua sahani mbili, akaniletea moja yenye samaki mkubwa. Nikadhani ni rushwa ya ile simu ya koti. Nikamwambia sishibi samaki wa mchanga. Akaiweka tu mbele yangu akaondoka, na Mama Nyasa, bila maneno, akala yangu baada ya kumaliza yake. Baadaye aliniambia kwamba yule papa alimuuliza jina langu na ninamwendea nani, alitaka kunishukuru kwa ya barieri, ila hakujua aanzeje. Nilijisikia vibaya, na njaa pia.

Baraka nililala kwa familia ya kanisani. Asubuhi nilikwenda kwenye kibanda cha kuchajia simu yangu, nikakuta mwenye mashine anasema esansi, petroli ya mashine, haijaingia. Yangu ikawa imekufa kabisa. Tangu Uvira nilikuwa nimepanga nikifika kilimani nimpigie jirani wa wifi yangu, mke wa yaya, anipe hali ya mgonjwa. Nikajipa moyo kwamba nitaazima ya mwenzangu yeyote. Ramazani naye, baada ya kusali na kubadili koti nyumbani kwake, alirudi kupanda. Alikuwa anakwenda Fizi kununua maharagwe.

Kilima cha rezo

Kutoka Baraka barabara inapanda, ziwa linabaki chini nyuma yako, na hewa inaanza kuwa ya kwetu. Kuna mahali pana jiwe bapa kando ya njia. Ukisimama juu yake rezo inashika, ukishuka inakatika. Mashofere wote wanasimama pale. Watu wanapanga mstari kama wa bomba, kila mmoja anapanda jiweni, anapiga makelele yake, anashuka. Hakuna siri pale. Nilijua nani anadaiwa mahari na nani mbuzi wake amezaa.

Nikagawa simu kama nilivyoahidi. Ramazani alipanda jiweni, na mimi nikajipanga nyuma yake makusudi. Nilikuwa nimemeza kiburi changu: yake ndiyo ilikuwa na yunite nyingi, nilimwona jana akikwangua kadi. Akampata mwenzake wa maharagwe huko Fizi, akaanza kama kawaida yake, kwa sauti ya kufikia Minembwe. Tunapanda, leo tutafika! Kuna mama mmoja hapa wa Uvira, mukali, ametunyang'anya simu zote, anaitwa Asende, anakuja kumwona kaka yake mgonjwa, Wilondja wa kule juu, si jirani yako?

Kisha akanyamaza.

Alisikiliza. Akanigeuzia mgongo. Sauti ikashuka, mpaka nilishangaa kwamba huyu mtu anayo sauti ndogo. Alisema nimesikia. Akasema tena, nimesikia. Midomo yake ikacheza bila kutoa neno, nikadhani ananilaani.

Aliposhuka nikamwambia, papa, niazime na mimi niulize hali ya mgonjwa.

"Yunite imeisha, mama," akasema, akitazama viatu vyake.

Wenzangu, nilimtoa maneno! Nilimwita mchoyo, nikamwambia nilimwokoa kwenye bunduki naye ananinyima salamu moja ya mgonjwa. Akaizima ile simu, akatoa na ya pili ndani ya koti, akazima na hiyo, akaziweka kitungani mwangu kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayetoa sadaka. Kisha akapita kwa wenzetu, mmoja mmoja, akiwainamia sikioni. Na mmoja mmoja wakaja, wakazima, wakaweka. Wale waliokuwa bado kwenye mstari waliacha mstari. Nikamwomba kijana wa mbele yangu, akasema betri imekufa. Nikamwomba mama mwenye mtoto, akasema sijui imeharibika nini. Hata Bilenge alisema ya kwake haipigi Fizi.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Wananikomoa. Niliwanyima simu, nao wananinyima. Sawa, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, nitafika kwa yaya wangu bila salamu zenu.

Kilichonichanganya ni kwamba baada ya hapo wakawa wema kupita kiasi. Bilenge alimteremsha mtu kwenye kabine, akanipandisha mimi. Mama mwenye mtoto alinipa chupa yake ya maji yote. Mama Nyasa alinipa nusu ya muhogo wake, yeye ambaye tangu Uvira anakula vya wengine. Macho yake yalikuwa yamelowa. Nikamuuliza, akasema vumbi. Kwenye barieri nyingine, nyepesi, Ramazani alishuka mbele, akasema neno moja na askari, na yule askari akashusha kamba mwenyewe, akasimama wima tulipopita. Juu ya kamio, ambako jana walikuwa wanaimba na kugombana, hakuna aliyekohoa. Nikamwambia Bilenge, unaona, watu wakifunzwa adabu wanafunzika. Bilenge akashika usukani kwa nguvu, akasema ndiyo, mama.

Fizi

Kamio huishia sokoni. Siku hiyo haikuishia sokoni. Bilenge alipita, akapandisha ile njia nyembamba ambayo hakuna shofere anayekubali kuipandisha, akasimama karibu na ua wa yaya. Nikamshukuru, nikashuka na kitunga changu mkononi. Nikasikia nyuma yangu watu wanaruka chini, wote, na wa sokoni na wa mbali. Nikamuuliza Ramazani mnakwenda wapi. Akasema, "Tuko nakusindikiza tu, mama." Alikuwa ameshika kofia mkononi.

Uani kulikuwa na watu wengi na hakuna sauti. Wanawake wamekaa chini, vitambaa midomoni. Wifi yangu akaja, akanishika mkono, hakuniangalia. Wakanikalisha mkekani. Wakaniletea maji nikanawa. Wakaleta bukari na sombe, majani ya muhogo, wakaiweka mbele yangu, na baba yetu mdogo, mzee wetu aliyebaki, akasema nile kwanza, nimetoka mbali.

Nani hajui maana yake? Kwetu hatumpi mtu msiba akiwa amesimama, wala akiwa njiani, wala akiwa na njaa. Mnajua nilivyotaka kutupa ile sahani. Sikuitupa. Nilikata tonge, nikachovya, nikameza. Nikakata la pili. Nilisema kama yaya angekuwa ameketi hapa angetaka nile, basi nitakula mbele yao wote. La tatu lilipokwama, baba mdogo akasogea, akaketi chini karibu yangu, akasema:

"Asende, mwanetu. Mwenye nyumba hii ametuachia nyumba."

Ndipo nikalia. Na nilipotoa sauti, ua mzima ukafunguka. Walikuwa wamekizuia kilio tangu waliposikia kamio inapanda, wanawake wote wale, wameziba midomo ili nisikutwe nacho barabarani.

Alikuwa amekufa asubuhi ile, wakati sisi tunatoka Baraka. Wifi aliniambia tangu alfajiri alikuwa anauliza kama kamio imefika. Hawakuwa wamemzika, walimngojea Asende. Niliingia, nikamwona. Niliapa nitamkuta anapumua, na sikumkuta. Nilikaa naye, nikamwambia, yaya, nimekuja, barabara ilikuwa mbaya. Inaniuma mpaka leo na itaendelea kuniuma, sitawadanganya.

Kurudi

Siku ya kufagia majivu ya kilio, matanga yalipoisha, nilikuta kitunga changu pembeni ya ukuta. Wenzetu wa kamio walikuwa wameshachukua simu zao bila kunisumbua. Mbili tu zilibaki, na kamba zake. Ramazani alikuwa amelala kilioni na wanaume usiku wa kwanza, akashika jembe siku ya kuzika, kisha akarudi kwao Baraka. Hakuziulizia. Mtu ambaye alisema akinyamaza samaki zinaoza!

Nikampelekea Baraka. Nilimkuta kwenye duka lake, nikamuuliza swali moja tu: kwa nini hukuniambia pale jiweni? Nilikuwa nimekutukana mbele ya watu.

Akazitundika simu zake shingoni kwanza. Akasema, "Ile habari ilikuwa na benyewe, mama. Mi nilikuwa mupita njia."

Aliniambia kwamba yale maharagwe mwenzake alimuuzia mtu mwingine, na samaki wa Kazimia walipotea, halafu akacheka akasema lakini walikuwa na mchanga. Siku hiyohiyo alikuwa anakwenda Uvira kuchukua sabuni, basi tukapanda kamio moja, ileile ya Bilenge.

Na Ramazani alipiga kelele, wenzangu! Alipiga kelele kutoka Baraka mpaka Mboko. Sabuni, mawese, mchanga, mama yule wa ndagala. Watu wakanitazama wakingoja nimkaripie, maana sifa zangu zilikuwa zimetangulia. Sikumkaripia. Nilikaa kwenye magunia, nikamsikiliza neno kwa neno, na nikagundua kwamba napumua vizuri. Ramazani akipiga kelele, ujue humo garini hakuna aliyefiwa. Makobola pekee ndipo alipozima, mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Mbele yetu alikuwa amekaa Byaombe, yule muuza chumvi wa hapa kwetu, mnamjua, mtu wa vichekesho. Alikuwa anamrudia mama yake na gunia la mchele, anatuchekesha njia nzima kuhusu huyo mama na jinsi atakavyougombania huo mchele na kuku wake. Tulipoanza kuona mabati ya Uvira, simu ya Ramazani ikalia. Akapokea kwa kelele. Akasema ndiyo, tuko karibu, ndiyo, Byaombe iko hapa.

Kisha sauti ikashuka.

Hakumtazama Byaombe. Alinitazama mimi. Mnajua ninyi ni kwenye kilio cha mama wa nani mliimba juma lile, mimi sijafika.

Nilimwaga vitunguu kwenye kikwembe, nikainuka na kitunga, nikaanza kufoka. Nilifoka kuliko nilivyofoka kwenda. Nikasema nimechoka na kelele zenu, nimetoka msibani, kichwa kinaniuma, simu zote ndani, sasa hivi, zimezimwa! Ramazani alitupia zake mbili za kwanza. Wengine wakanung'unika, wakatoa. Nikafika kwa Byaombe. Yake ilikuwa imeanza kulia mkononi mwake, kioo kinawaka. Nikanyoosha kitunga mpaka kifuani kwake.

Akaizima akicheka. "Mama Apendeki, weye uko mukali."

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Lete. Na huo mchele utaubeba mpaka nyumbani, sisi wote tutakusindikiza."